Herufi Zilizoinama

Kila siku baada ya shule, Chapuchapu alipitia karakana ya shangazi yake kuosha brashi. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa kuwa alifanya kila kitu mbiombio, hata kula.

Shangazi alikuwa mchora mabango. Mwaka mzima alikuwa akibuni herufi zake mwenyewe: nene, hazina vijiguu kwenye ncha wala mapambo, na zote zimeinamia mbele kana kwamba zina haraka. Alizibuni kwa ajili ya malori ya mteja mmoja aliyetaka herufi ambazo hakuna mwingine anazo.

Shule ilipotangaza shindano la kuandika jina la timu ya riadha kwenye fulana, Chapuchapu alitoa michoro kabatini akainakili kimyakimya. M, S, H, A, L, E: MSHALE. Akashinda.

"Umechora mwenyewe?" mwalimu wa michezo aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Wiki mbili baadaye Shangazi aliingia karakana akaubamiza mlango. Mkononi alikuwa na fulana.

"Mteja amenirushia hii usoni! Mwanawe anasoma kwenu. Ananiambia nimempa makombo ya watoto wa shule! Nani alikuruhusu?"

Chapuchapu naye alipandwa na hasira. "Ni herufi tu, Shangazi! Kwani M ni yako peke yako?"

Shangazi alimsukumia karatasi na penseli. "Basi chora R. Kwenye fulana haipo. Chora!"

Chapuchapu alichora R iliyosimama wima, kisha akailaza. Ilionekana kama mlevi anayetafuta ukuta. Akafuta, akakandamiza zaidi, penseli ikavunjika.

"Inaanguka!" alifoka.

"Kwa sababu umeisukuma tu. Ikiinama, kila mstari huchorwa upya. Hapa tumbo linapokutana na mguu lazima upunguze unene, la sivyo ukiitazama kwa mbali unaona doa." Shangazi aliivuta droo kwa nguvu. Ilijaa R tupu, zimefutwafutwa, zimekatwa kwa kalamu nyekundu. "Hizi zote ni R moja. Nenda nyumbani. Sitaki kukuona."

Chapuchapu alilia njia nzima, lakini asubuhi alisimama mstarini mbele ya shule nzima akasema ukweli.

"Umetuaibisha!" nahodha wa timu alimfokea. Mwalimu wa michezo hakumwangalia hata mara moja. Alikusanya fulana zote siku hiyohiyo.

Jioni Chapuchapu alimfuata Shangazi kwa mteja. "Shangazi hakukudanganya," alimwambia mteja. "Niliiba mimi. Fulana zimeondolewa." Mteja alinuna, kisha akasema malori yapakwe rangi kama walivyokubaliana.

Walipotoka, Chapuchapu aliuliza, "Bado umekasirika, Shangazi?"

"Sana. Na kesho nitakuwa nimekasirika pia." Shangazi alitembea hatua chache, kisha akasimama. "Ungeniomba, ningekaa nawe tukaitafutia timu yenu herufi zake. Nisikilize, mwanangu. Kazi ikishakamilika, jasho la mwenyewe halionekani. Ndiyo maana unaiona rahisi kuichukua. Kabla hujagusa kazi ya mtu, muulize kwanza imemgharimu nini."

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi kesho njoo na penseli mbili. Tunaanza na R."