Mate ya Namba Kumi na Saba

Foleni ya wali na mchuzi pale Bayan Lepas, mtaa wa viwanda, ilikuwa ndefu kama kila adhuhuri. Haslinda, aliyependeza kwa baju kurung, vazi lake refu la zambarau lenye maua madogo meupe, alihisi paji la uso la mtu likitua begani kwake.

"Kaka, hapa si mto!"

Kijana akashtuka. Alivaa koti la bluu la kiwanda cha vipuri vya simu, na macho yalikuwa mekundu kama pilipili. "Samahani, dada. Nimetoka zamu ya usiku. Nimelala wima."

"Farasi ndio hulala wima."

"Basi nifuge."

Haslinda akacheka hadi akaagiza bamia mara mbili.

Kijana huyo, Rozaiman, hakukawia kujua dada huyo anakofanya kazi. Haslinda alikuwa msaidizi katika maabara ya Daktari Khoo, aliyechunguza vinasaba vya saa: ile saa tunayozaliwa nayo, iliyomo hata ndani ya vitezi viwili vinavyokaa juu ya figo kama kofia, ikiviambia vimwage lini homoni ya kuuamsha mwili. Walitafutwa watu wa zamu ya usiku. Rozaiman akajiandikisha, apate kisa cha kumwona. Kila baada ya saa nne alitafuna kipamba cha kunyonya mate yatakayopimwa homoni, akakitia kichupani, akapiga simu.

"Nimeshatema, mpenzi."

"Hukupiga mswaki kwanza?"

"Sikupiga. Harufu imekufikia?"

Mwezi wa tano mamake Rozaiman alikwenda kwa kina Haslinda na ndugu, wakabeba sinia saba za keki, matunda na vitambaa, Haslinda akavishwa pete.

Kisha Haslinda akafanya lililokatazwa. Pale maabara watu walijulikana kwa namba, na matokeo hayakuwa ya msaidizi kuyasoma. Yeye akafungua ya namba kumi na saba, iliyoandikwa kwenye vichupa vya Rozaiman. Homoni ilipanda alfajiri, ikashuka jioni, sawasawa na ya mtu anayelala kitandani usiku kucha. Alijua nusu ya somo, kwamba saa hufuata usingizi. Kumuuliza Daktari Khoo kungekuwa kujishtaki. Akachemka.

Jumamosi asubuhi alimvizia Rozaiman kwenye geti la kiwanda, zamu ikitoka, watu wamejaa.

"Usiku unalala kwa nani?"

"Usiku nipo kwenye mashine, Linda. Waulize hawa."

"Hawa ni wenzako, watakuficha. Mate yako hayakufichi. Mzinzi wewe!"

Akavua pete, akaitupa. Mtu akacheka. Rozaiman akapiga magoti akiitafuta kati ya viatu vya watu, na hakuna aliyempisha.

Alipopiga simu jioni, Haslinda alimjibu mara moja tu: "Lala salama, huko unakolala."

Mwezi ukapita. Kikaoni, Daktari Khoo akaonyesha mchoro.

"Namba kumi na saba. Miaka sita ya usiku, kumbukumbu za zamu ninazo, na vitezi vyake bado vinaamka na jogoo. Wengi wako hivi. Vinasaba havigeuki kwa amri ya meneja. Lakini huyu presha imempanda vibaya. Haslinda, mpelekee barua, jina na anwani vimo juu ya bahasha. Aache usiku, la sivyo moyo utamshinda."

Haslinda alifika kwa kina Rozaiman na barua imelowa jasho. Mamake Rozaiman alimtazama kutoka utosini hadi kwenye ndara, akamwekea chai. Rozaiman, ndani ya saruni ya miraba, aliisoma barua mara mbili.

"Nilikosea, mpenzi," Haslinda akasema. "Nilijua nusu tu. Nisamehe."

"Uliyaamini mate yangu. Maneno yaliyotoka kinywa hichohicho ukayakataa."

"Najua."

"Mwambie daktari ushauri wake nimeupokea. Jumatatu naomba zamu ya mchana."

"Na msamaha wangu?"

Aliyejibu ni mama. "Chai inapoa. Kunywa, mwanangu, uwahi basi. Sisi jioni tunakwenda kuposa kwingine."

Haslinda akamgeukia Rozaiman, akingoja aseme mama anatania.

Rozaiman alikuwa akimuuliza mamake kama shati lake jeupe limepigwa pasi.