Kiganja Chini ya Rangi

Nilikuwa nikianika taulo za kufutia magari, jua limekwisha kuegemea upande wa Kwale mjini, Swabir alipoingiza gari uani kwangu bila kupiga honi. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtihani wa leseni. Nikajua pana jambo, maana Swabir ninayemjua huingia kwa kelele, muziki juu, kiwiko nje ya dirisha.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, jipya kabisa, si mtumba. Wiki iliyotangulia nililishughulikia mimi mwenyewe. Nililiosha, kisha nikalipaka koti la seramiki, ile dawa inayoganda juu ya rangi ikawa ngumu kama kioo ili chumvi ya bahari isiile bodi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa karibu na Kona ya Musa. Wapo wanaume wanaokuja kuniuliza fundi yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na mashine mkononi. Huwaambia fundi amekufa, mimi ni mjane wake, na bei ni ileile.

Nasema kwa mzaha, lakini ni kweli. Fundi alikuwa Matano, mume wangu, kaka yake Swabir. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Lunga Lunga, tukamzika kwao Msambweni. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mashine hii. Eda nimekwisha kumaliza, watu wamerudi na vichekesho vyao, nami nacheka nao. Nikilala, nalala upande wangu tu wa kitanda. Ule mwingine siugusi.

"Salaam aleikum, shemeji," Swabir alisema.

"Wa aleikum salaam. Mbona mnyonge hivyo? Umegonga mbuzi wa mtu?"

Hakucheka. Alishuka taratibu, akaniashiria boneti bila kuigusa.

"Hebu tazama wewe mwenyewe. Mimi nikisema nitaonekana nimerukwa na akili."

Niliivuta taa ya kukagulia rangi, nikaiinamisha. Gari jeusi halifichi kitu. Pale katikati ya boneti palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, wazi, kama mtu aliyejiegemeza kupumzika.

"Watoto wa mtaani hao," nikasema, nikafuta kwa taulo.

Hakikufutika.

Nikapuliza dawa, nikasugua. Nikapitisha ukucha juu yake. Ukucha uliteleza. Kiganja hakikuwa juu ya koti langu. Kilikuwa chini yake, kati ya koti na rangi, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaoweza kufika.

"Shemeji..." Swabir alishusha sauti. "Gari hili linanipeleka Msambweni."

"Linakupelekaje?"

"Natoka hotelini Diani kushusha wageni, nia yangu ni nyumbani. Kisha sijui kitu. Nikizinduka niko Msambweni kando ya makaburi, injini inanguruma. Jana nimezindukia darajani. Nimekaa upande usio wangu wa barabara, lori lanimulika usoni."

"Liuze."

"Nimuuzie nani kifo?"

Alininyoshea mkono niushike. Nikaushika, nikauachia upesi. Ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu, na jasho linamtoka shingoni.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimelala peke yangu katika nyumba yenye popo na sikuwahi kumwita jirani. Lakini nilipoinama tena juu ya boneti, harufu ilinipanda puani... Karafuu maiti. Ile wanayotia kwenye sanda. Nikakitazama kiganja vizuri, kidole kwa kidole. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepindia nje. Jeki iliteleza zamani ikakivunja, kikaunga vibaya. Miaka yote ya ndoa yangu, kidole hicho kilikuwa kikinikwaruza shavu.

Ulikuwa mkono wa mume wangu.

Na nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Furaha mbaya, ya mtu aliyekuwa na kiu.

"Nani aliligusa gari kabla yangu?" nikauliza.

"Hakuna. Ni mama tu. Nililipeleka kwake kwanza aliombee dua, asubuhi yake ndipo nikakuletea wewe."

"Mpigie simu. Aje sasa hivi."

Adhana ya magharibi ilikuwa ikimalizika tuk-tuk ilipomshusha mavyaa wangu, Bi Twaiba, langoni. Alikuja amejifunika leso zake mbili, hatua fupifupi. Swabir alikuwa amekaa juu ya kreti, anatetemeka, kope zinamshuka. Mama hakumwendea. Alikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Akakiona kiganja. Hakushtuka hata kidogo.

"Amekuja," akasema.

"Mama, umefanya nini?"

Akaanza kunong'ona, macho yake hayabanduki kwenye boneti.

"Siku ile, jeneza lilipotoka, wanaume wote walilifuata. Ufuo ulikuwa bado haujafukiwa..."

Ufuo ni lile shimo linalochimbwa uani lipokee maji ya kumwoshea maiti. Waoshaji hujiviringisha vitambaa mikononi, na wakimaliza, vitambaa hivyo hutiwa mumo humo, vikafukiwa pamoja na maji. Havibaki juu ya ardhi. Kila mtu kwetu anajua, hata mtoto.

"Nikachukua kimoja," mama akasema. "Walikuwa wameninyang'anya mwanangu, sikubakiziwa kitu. Nikachukua kile tu. Kisha huyu naye akaniletea gari. Barabara ni ileile, malori ni yaleyale. Nikaogopa. Nikalifuta gari lote kwa kitambaa cha kaka yake. Nikamwambia, Matano, mlinde mdogo wako."

"Nami asubuhi nikaja nikampigilia koti juu yake," nikasema. "Mama, nimemfungia humo."

Swabir aliegemeza kichwa kwenye ukuta. Kucha zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi.

Koti la seramiki halitoki kwa maji wala kwa sabuni. Hutoka kwa mashine na kompaundi, ile dawa nzito ya kusagia; unalisaga, au kama tusemavyo mafundi, unalikata, mpaka unaifikia rangi. Nilijua la kufanya. Ila nilijua pia kwamba kiganja kikitoka, kimetoka. Hiyo ndiyo alama pekee ya mume wangu iliyobaki duniani, nami ndiye niliyetakiwa kuisaga iwe uji mweupe.

"Usimfute," mama akasema. Kisha akamtazama Swabir, akajifunika uso. "Na huyu usimwache afe."

Nikawasha mashine.

Kiganja cha boneti kilififia kidole kimoja kimoja, kile kilichopinda kikawa cha mwisho. Nililia nikaacha machozi yadondoke kwenye kompaundi, yote ni majimaji tu. Boneti ikabaki tupu. Nikazima mashine nipanguse pua.

Ngo... ngo... ngo.

Mtu alikuwa anagonga bati. Kwa ndani.

Nikazunguka na taa. Kiganja kilikuwa kwenye mlango wa dereva, kibichi, kana kwamba kimebandikwa sasa hivi. Nikaukata mlango ule. Kikahamia mlango wa nyuma. Nikakifuata. Kikapanda paani. Nikapanda kigoda. Kila nilipofika, kilikuwa kimenitangulia.

"Anakukimbia," mama akanong'ona. "Mwanangu anamkimbia mkewe."

Maneno yale yalinichoma kuliko alivyokusudia. Nikaitua mashine chini. Kiganja kilikuwa kwenye buti. Nikaweka mkono wangu juu yake, vidole juu ya vidole, kama tulivyokuwa tukifanya tukikaa barazani hatuna la kusema. Bati lilikuwa na joto. Joto la mtu.

"Matano," nikasema. "Ni mimi, Mwanatumu. Kaa basi. Kaa kidogo."

Ningekaa pale mpaka kuche, Mungu ananijua. Lakini nyuma yangu kreti lilianguka. Mama akapiga ukelele. Swabir alikuwa chini, macho yamepinduka, midomo myeusi.

Na chini ya kiganja changu, bati likaanza kugongwa. Kwa nguvu. Kwa haraka. Ngo-ngo-ngo-ngo... mkono wangu ukarushwa juu.

Nikaishika mashine nikaiwasha. Kugonga kukakoma papo hapo. Nikaizima kwa kujaribu. Kukaanza. Nikaiwasha tena, nikalikata buti, na kiganja kikasogea pole pole mbele ya sponji, kikafika kwenye bampa, kikanisubiri. Nilipochelewa, kikagonga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinikimbia. Alikuwa akinionyesha mahali mama alipopitisha kitambaa, nisisahau hata pembe moja. Zile safari zote za Msambweni hakuwa akimtafutia mdogo wake kifo. Alikuwa akirudi kwake. Alikuwa akijaribu kurudi kaburini, na Swabir ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akivutwa naye.

Iliniuma kuliko siku niliyoletewa habari ya lori. Siku ile nilinyang'anywa mume. Jioni hii nilimwona mume mwenyewe ana haraka ya kuondoka, na mimi namwambia kaa.

Nilifanya kazi bila kusimama. Mama alikuwa amempakata Swabir, anasoma Yasini kwa sauti inayokatika. Mwisho kabisa alama ilibaki kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, ncha za vidole tu, mahali padogo pasipoingia mashine. Nikaiweka mashine kando. Nikachukua kitambaa laini na tone la kompaundi. Niliona haya amalizwe na mashine.

"Haya, nenda," nikamwambia. "Nenda, mume wangu."

Nikasugua mpaka pakawa peusi tupu.

Swabir akakohoa. Akaomba maji. Nilipompa kikombe, vidole vyake viligusa vyangu, navyo vilikuwa vya moto, vya mtu mzima wa afya. Mama akambusu utosi, mashavu, mikono, analia kwa sauti ya mtoto. Nami nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Kitambaa kiko wapi?" nikauliza. "Kesho kikazikwe."

Mama akafungua fundo kwenye pindo la leso, akanitolea. Kipande cha bafta, kimekunjwa kidogo kidogo. Nikakikunjua chini ya taa.

Upande mmoja ulikuwa umechanwa. Nyuzi zake zilikuwa mbichi, nyeupe. Kilikuwa nusu.

Nikainua macho. Bi Twaiba alikuwa akinitazama. Hakukana. Alinitazama tu, mama kwa mke, huku anamsugua Swabir mgongo. Nikafungua kinywa nimwulize nusu nyingine iko wapi.

Nikakifunga.

Asubuhi tulikwenda Msambweni sote watatu, tukakizika kipande kile ubavuni mwa kaburi. Swabir alisema Alhamdulillahi. Tangu siku hiyo gari halijampeleka asikokutaka. Anachukua wageni wake Diani, amerudia muziki wake na kiwiko chake dirishani, na koti nimempaka upya bila malipo. Akinipita barabarani hunipungia mkono. Kwake yeye mambo yamekwisha, nami sitaki ajue zaidi.

Ila jioni ya Alhamisi, yeye akiwa kazini, mimi huenda kwa mavyaa wangu. Hatusemi mengi. Hunikaribisha kahawa, hufunga mlango wa chumba, huniketisha kando ya kasha lake la mbao. Halifungui. Nami simwombi alifungue. Huweka mkono wake juu ya mfuniko, nami naweka wangu karibu na wake, na baada ya muda mbao zinaanza kupata joto.

Kisha kitu husukuma kutoka ndani. Kwa upole kwanza... halafu kwa nguvu.

Tunajua anachotaka. Alinionyesha mwenyewe, nilikiona kwa macho yangu, na mama nimemweleza. Tunajua.

Tunaukandamiza mfuniko, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka anachoka.