Tonge la Pili

Mashine ya kahawa ilifoka mvuke, wateja wa mkahawa ule wa mtaa wa Piassa wakaruka vitini, na Lulit akacheka kabla hajakumbuka kwamba hapaswi kucheka. Upesi akavuta netela yake, ile shuka nyeupe yenye pindo la kijani, akajiziba mdomo.

"Mimi nimelowa hadi soksi, wewe unacheka," alisema fundi, akijifuta uso kwa kofia. "Basi angalau nikione hicho kicheko."

"Tengeneza mashine, kaka. Watu wana kiu."

Fundi huyo, Zerihun, akaitengeneza, akamletea Lulit kahawa ambayo hakuiagiza, akaondoka na namba yake ya simu.

Hakujua kilichokuwa chini ya netela. Wiki ile ile Lulit alikuwa ameng'olewa jino la mbele, lililopasuliwa na punje ya shayiri ya kukaanga kisha likaoza hadi mzizini. Daktari Sosena alimvalisha jino bandia la kuvua na kuvaa.

"Hili la muda. Ufizi ukinywea litalegea, uje nilirekebishe. La kupandikiza lisubiri."

"Siwezi kupandikizwa leo leo, daktari?"

"Wapo wanaoweza. Wewe ulikuwa na usaha. Mfupa ujijaze kwanza, miezi kadhaa. Mfupa hauharakishwi, mwanangu."

Simu nazo zikaanza.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula uji."

"Uji tena? Mimi nachumbia msichana au mtoto mchanga?"

Kwenye simu Lulit alicheka kwa kinywa chote, moyo ukimdunda kama ngoma ya kanisani.

Mfungo ulipokwisha, Zerihun akampeleka kwa mama yake kula Fasika, sikukuu ya Pasaka. Jino lilikuwa limeanza kucheza, lakini Lulit hakurudi kwa daktari, akihofia Zerihun atamuuliza anakwenda wapi. Mama yake, Mama Yeshi, alikunja injera, ule mkate laini kama chapati, na kuku, akaifinyanga tonge kubwa kama ngumi, akampelekea mdomoni kwa mkono wake, kama anavyolishwa mgeni apendwaye. Lulit akahisi jino linateleza. Akageuza uso.

Mkono ukabaki hewani.

Njiani Zerihun alisema, "Mama yangu hanuki, Lulit."

"Sivyo."

"Ni vipi, basi?"

Lulit akavuta netela mdomoni. Tangu hapo simu ikawa kimya. Kila mlio wa simu ya jirani ulimshtua bure, hata akaona heri akatibiwe hilo jino.

Daktari Sosena alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unampoteza mwanamume kwa ajili ya jino ambalo umekwisha kulipoteza? Niachie hili nilirekebishe. Kesho uje ulichukue."

Kesho ilikuwa mbali mno. Akiwa kwenye ngazi za kliniki, pengo wazi, Lulit alipiga simu.

"Zeru, uko wapi?"

"Kwa mama."

"Usiondoke."

Mlangoni aliishusha netela hadi mabegani, akatabasamu kinywa kizima. Mama Yeshi akakodoa macho.

"Mama, sikuukataa mkono wako. Jino lilikuwa bandia, limelegea, nikaogopa litaangukia sahanini. Siku ile ulinipa tonge moja, na wazee husema tonge moja huleta ugomvi, la pili hupatanisha. Nimefuata la pili."

Mama Yeshi alificha kicheko kiganjani, ikashindikana. Akakunja injera. Lulit akapanua kinywa. Pilipili ikaliona pengo, machozi yakamtoka, akatafuna kwa raha.

"Wiki zote hizo naomba kicheko," Zerihun akasema, macho yakimng'aa, "kumbe nyumba haina mlango."

"Nitatiwa mlango mfupa ukijaa. Mvua zikiisha, maua ya njano yakichanua."

"Mimi nilitaka kukuoa kabla ya mvua."

"Mbele ya mpiga picha, na pengo hili?"

"Utavaa lile la muda."

"Likianguka?"

"Nitaliokota. Mimi si fundi?"

Lulit alimtazama, na safari hii hakuitafuta netela.

"Basi nioe," akasema. "Jino litatukuta nyumbani."