Alama Kumi na Nne

Mudrick alimwona Mwajabu stendi ya Kibiti, akikatiza kati ya mabasi na mfuko wa korosho begani, dera la zambarau likimpwaya, magoti yakigusana, kisigino cha kulia hakifiki chini. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na uzuri wake ulikuwa wa kusimamisha konda. Mtu mwenye akili angenunua korosho. Huyu, mtaalamu wa viungo aliyeshiba vyeti, alisema:

"Dada, naweza kupima mwendo wako?"

"Kwani mie kitambaa?"

"Kwa kamera tu. Kompyuta inatoa alama."

"Nunua korosho kwanza, mpimaji."

Alinunua za mwezi mzima. Wiki ya tatu wakaitana mpenzi, na Mwajabu akakubali kubandikwa stika miguuni na kutembea mbele ya kamera. Alama tisa. Mudrick akamletea viatu vya kunyoosha mguu, vizito kama matofali. Miezi sita baadaye: kumi na nne.

Mama yake Mudrick, Bi Subira wa Bungu, alikuwa amemkataa katakata mkwe kilema. Alipoiona karatasi ya alama akapiga kigelegele. "Kapanda! Tupeleke posa!"

Masikini, alidhani ni alama za mtihani. Kwenye kipimo kile, alama zikipanda ndiyo mwendo umeharibika. Mudrick alijua, akanyamaza, na ndevu zake zote.

Kesho yake simu ya Mudrick ililia.

"Laazizi, mama'ko kanipigia, kanipongeza kwa kupona. Nimepona nini?"

"Mpenzi, si amekubali? Yaishe."

"Unanioa mie au unaoa karatasi? Mwambie ukweli, au usinijue tena." Akakata.

Mudrick alipiga mara ishirini, hakupokelewa. Mwisho akaja mwenyewe stendi, shati limelowa jasho, akasimama mbele ya Mwajabu, akampigia mama yake, spika wazi, abiria wakitega masikio.

"Mama, kumi na nne ni mbaya kuliko tisa. Viatu nilivyompa vimemzidishia. Nampenda hivyo hivyo."



"Kumbe! Mtoto wa watu kakuamini, ukamuumiza, kisha ukaniacha nipige vigelegele?"

"Nisamehe, mama."

"Kilema ni wewe! Umemuumiza, humtupi. Nipe mwanangu niongee naye."

Mwajabu aliichukua simu, machozi na kicheko vikimjia pamoja. Alimpenda mjinga yule, hakuwa na la kufanya.

"Posa ilete mwenyewe, mama," alisema. "Huyu tutamficha uani, asituaibishe."