Chupa Kavu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Faudhia alichanganya mafuta ya boti. Baba yake, Mzee Mwinyijuma, alikuwa akivusha watu mto Ruvu kutoka kijijini kwao, upande wa Kisarawe, hadi ng'ambo, upande wa Kibaha, ambako kulikuwa na shule, kituo cha afya na barabara ya kwenda mjini. Mashine ya boti yake haikutumia petroli tupu. Ilitaka petroli iliyochanganywa na oili. Kipimo chao kilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi: chupa moja ya oili kwa dumu la lita tano. Akishamaliza, Faudhia alifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa dumu. Baba akiona kitambaa hakuuliza kitu. Alimimina mafuta kwenye tangi na kuondoka.

Jumatatu moja ya mwezi wa Aprili, mto ulikuwa umejaa. Maji yalikuwa mekundu, yakibeba magogo na majani. Tangu alfajiri viboko walikuwa wakikoroma karibu na nyumba kuliko siku zote. Faudhia alianza kwa kufunga kitambaa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Kisha akashika chupa ya kipimo ili akachote oili, na hapo akasikia anaitwa.

"We Faudhia! Unapika pilau huko?" Alikuwa Loyce, rafiki yake, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. "Ukichelewa utafagia uwanja peke yako. Mimi simo!"

"Nakuja bwana, acha kelele!"

Alitumbukiza chupa mfukoni, akavaa viatu akakimbia.

Boti ilibeba watu tisa asubuhi hiyo. Walipopita katikati ya mto, Faudhia aliingiza mkono mfukoni akaigusa ile chupa. Ilikuwa kavu. Siku nyingine zote chupa ile ilikuwa na utelezi. Akaitoa, akaitazama. Ndani hakukuwa na hata tone.

Oili hakuiweka. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma akicheka na abiria. Alitaka kusema, lakini watu walikuwa wengi. "Tunakaribia kufika," alijiambia. "Nitamwambia tukishuka."

Mashine ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama chuma kinachosagwa. Halafu ikanyamaza.

Maji yaligeuza boti ubavu na kuanza kuivuta kuelekea kwenye kona yenye kina, ambako migongo ya viboko ilionekana ikizama na kuibuka.

"Kaeni chini wote! Kasia, shikeni kasia!" Mzee Mwinyijuma alipiga kelele.

Walipiga makasia, na asiyekuwa na kasia alitumia mikono. Loyce alikuwa akilia, huku akimshika Faudhia mkono kwa nguvu. Hatimaye boti iliingia kwenye matete, mbali sana na kivuko. Watu walishuka. Mzee Mwinyijuma aligusa mashine na kuondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto kama jiko.

"Imenoki," alisema taratibu. "Imekufa."

Jioni, watu wa kijijini walipoirudisha boti kwa kamba, Faudhia alikwenda kwenye dumu peke yake. Petroli ilikuwa imebaki kidogo. Alimimina oili humo haraka, akatikisa. Hakujua hasa kwa nini alifanya hivyo. Alijua tu kwamba alikuwa anaogopa.

Kesho yake Faudhia na baba yake walivuka kwa mtumbwi wa jirani, wakiwa na mashine na lile dumu, wakapanda pikipiki ya matairi matatu mpaka Pangani ya Kibaha. Huko aliishi fundi Ndaki. Mafundi wengi wa mjini walitengeneza pikipiki na mashine za kusaga. Ndaki alikulia Mwanza, kando ya ziwa, na mashine za boti alizifahamu tangu utotoni.

"Shikamoo, fundi," Faudhia alisema.

"Marahaba, mama. Haya, mgonjwa wetu anaumwa nini?"

Aliifungua mashine. Pistoni zilikuwa zimekwaruzika vibaya. Akachovya kidole kwenye dumu, akasugua mafuta kati ya vidole viwili na kuyanusa.

"Oili ipo," alisema. "Mzee, hii haijawahi kupewa petroli tupu?"

"Hata kidogo. Huyu binti yangu ndiye anayechanganya. Hajakosea hata siku moja," Mzee Mwinyijuma alijibu, na akamwekea Faudhia mkono begani.

Mkono ule ulikuwa mzito kama jiwe.

"Basi ni pampu ya maji," fundi alisema. "Imekosa maji ya kuipoza. Kama ni hivyo, usinunue mashine nyingine. Nitaweka pistoni mpya na pampu mpya, itafanya kazi."

"Fanya hivyo, bwana. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na nesi amesema lazima azalie ng'ambo. Mto wenyewe umeuona?"

"Nimeuona. Unatisha."

Siku tisa zilipita. Mvua haikukatika. Kila Faudhia alipomtazama mama yake, Mwanajuma, akitembea taratibu uani huku ameshika kiuno, alishindwa kumaliza chakula.

"Una nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Sina kitu, mama."

Siku ya kumi Faudhia na baba yake walirudi Pangani. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye pipa lililojaa maji. Fundi Ndaki alivuta kamba mara moja tu, ikawaka. Ilinguruma vizuri. Mzee Mwinyijuma alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Unaisikia? Kama mpya!" fundi alisema akipangusa mikono. "Ila nashukuru haikuwa oili. Ingekosa oili, beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni huko ndani, zingekuwa zimeliwa, na ukiiwasha hapa huwezi kujua. Ingekwenda wiki moja, mbili, halafu ingefia katikati ya mto."

Akilini Faudhia aliona kona ya viboko. Katika boti alimwona mama yake amelala, na makasia hayakuwepo.

"Zima!" alisema.

"Nini?"

"Baba, mwambie azime! Ilikosa oili. Mimi sikuweka. Nilifunga kitambaa kabla, halafu nikasahau. Ile oili kwenye dumu niliiweka baadaye, jioni."

Fundi alizima mashine. Mzee Mwinyijuma alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Faudhia alitamani apigwe, kuliko kutazamwa vile.

Fundi Ndaki alichukua spana akaanza kufungua upya, safari hii hadi kwenye krenki. Alipotoa beringi, aliziweka kwenye kiganja na kuwaonyesha. Zilikuwa na rangi ya bluu, na zimechimbika vijishimo.

"Nilizungusha kwa mkono nikaona laini, sikuwa na sababu ya kufika huku," alisema. "Mzee, hii usiitengeneze tena. Nipe niitumie kwa spea, mimi nikupe ile ndogo pale. Imetumika, lakini nzima. Itabidi ubebe watu watano, siyo tisa."

"Nitafanya safari nyingi," Mzee Mwinyijuma alijibu. Sauti yake ilikuwa ya uchovu.

Fundi aliinama akamtazama Faudhia usoni. "Sikiliza, mama. Fundi hutengeneza kile anachoambiwa. Ukinificha ugonjwa, nitatibu ugonjwa mwingine, na mgonjwa atakufa huku wote tunacheka. Kusahau kunampata kila mtu. Ila ile oili ya jioni, ile ndiyo iliyotaka kuua."

Faudhia alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Uchungu ulimshika Mwanajuma asubuhi ya Jumamosi, mvua ikinyesha. Mto ulikuwa umefunika hata matete. Mashine ndogo ilisukuma boti polepole, ikilia sauti ileile moja bila kubadilika. Gogo kubwa lilipita mbele yao, na kibanda cha mtu juu ya maji. Faudhia alimshika mama yake mkono na kusikiliza mashine kwa masikio yote, mpaka boti ikagusa mchanga wa Kibaha. Mtoto alizaliwa saa tano, wa kiume.

Jumatatu iliyofuata Faudhia alimpelekea baba yake dumu, oili na chupa ya kipimo.

"Baba, changanya wewe. Mimi niliwadanganya."

Mzee Mwinyijuma alimrudishia chupa mkononi.

"Utachanganya wewe," alisema. "Zamani nilikuamini kwa sababu nilidhani hukosei. Huo ulikuwa ujinga wangu, kila mtu hukosea. Sasa nataka mtu ambaye akikosea atasema, na aseme mapema, wakati bado tuko ufukweni. Unaweza?"

"Naweza, baba."

Alimimina oili, akatikisa dumu, akamwonyesha baba yake chupa inayoteleza. Kitambaa alikifunga mwisho.