Aliyekalia Siti ya Lidwina

Baridi ya Juni ya Songea haina huruma, ndiyo maana Lidwina alishtuka alipokaa siti ya mbele asubuhi ile na kuikuta ina joto. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha. Mumewe Leonce, mnunuzi wa korosho, alilirudisha jana kutoka Tunduru, na sasa alikuwa anafuta umande kwenye kioo. Humo ndani mlinukia udi.

"Hita hiyo, Mama Devota," Leonce alimwambia. "Magari haya yana hita kwenye siti."

Hita gani inayojifukiza udi! Lidwina alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Leonce aliporudi ndani kufuata simu, Lidwina akaipiga siti kofi.

"Mwanamke wewe, unamvizia mume wangu njiani. Kama una ubavu, njoo nyumbani tuonane!"

Saa nne hakwenda dukani kwake. Alilipeleka gari kwa Ibra, fundi umeme wa magari pale Lizaboni, maana alitaka jambo moja tu: kujua kama mumewe ni mwongo.

Ibra alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasoma, akakuna kichwa.

"Mama, waya wa hita umekatika siku nyingi. Siti hii haiwezi kupata moto."

"Si nilijua! Kuna mtu anaikalia."

"Ngoja kwanza." Ibra alishusha sauti. "Kuna sensa ya abiria humo, kile kifaa cha kutambua kama siti ina mtu. Inasema hata sasa imekaliwa."

Wote wawili walikuwa wamesimama nje ya gari. Lidwina aliiona ngozi ya siti imebonyea, kisha ikalia kwii na kuinuka polepole, na harufu ya udi ikampita shavuni, ya moto, ikielekea njia ya nyumbani kwake, huku Ibra akinong'ona bismillahi na mashine mkononi mwake ikibadilika kuonyesha siti ni tupu.

"Imeshuka," Ibra alisema. "Mama, hukuikaribisha popote?"

Lidwina aliliacha gari palepale. Alikimbia kwa miguu hadi nyumbani, akamkuta Leonce uani anakunywa chai.

"Baba Devota, nisamehe. Nilikushuku bure."

Leonce alimtazama yeye, akautazama mlango wa chumbani.

"Si nimekuacha kitandani sasa hivi? Umesema unasikia baridi, nikakufunika."

Chumbani, kitanda kikalia kwii.