Kijivu Juu ya Nyekundu

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere alipitia kiwanda cha maziwa kumsubiri mama yake. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikiguse. Mjomba aliapa kwamba siku mtoto huyu alipozaliwa, kabla hata hajalia, alishaufungua mkoba wa mkunga.

Mama yake alikuwa mwendesha mitambo. Alikaa mbele ya skrini pana iliyoonyesha kiwanda kizima kwa picha: matangi, mabomba, pampu na vali. Ukibofya tangi, hufunguka dirisha dogo lenye habari zake. Ukibofya bomba, hufunguka jingine. Mama hakufungua dirisha jipya kabla ya kufunga la zamani, na pembe ya juu ya skrini hakuifunika kamwe. Hapo palikuwa na dirisha la tahadhari. Mambo yakiwa shwari lilikuwa la kijivu. Yakiharibika, liliwaka jekundu. King'ora kilikuwa kimekufa zamani, na msimamizi, mtu ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia kila mlango, aliahidi kununua kingine kila alipokumbushwa.

"Hapa tunafanya kazi kwa macho," mama alisema. "Kaa usome, usiguse."

Siku moja mama alitoka kukagua vali iliyokuwa ikivuja. Kiherehere akabofya kidogo tu. Likafunguka dirisha la mistari inayopanda na kushuka kama vilima. Akafungua jingine, na jingine tena, akiyavuta huku na kule. Aliposikia viatu vya mama akayafunga haraka haraka. Moja likamponyoka: dirisha tupu, la kijivu, lililokaa pale pembeni juu ya lile la tahadhari.

Mama akaketi. Akatazama pembeni, akaona kijivu. Akaendelea na kazi.

Baadaye kelele zikasikika uani. Tangi kubwa lilikuwa limefurika, na maziwa ya wafugaji wote wa asubuhi ile yalikuwa yakikimbilia mtaroni. Mama akatoka mbio. Kiherehere akabaki peke yake, akalifunga lile dirisha tupu. Chini yake palikuwa pekundu kama kaa la moto.

Msimamizi akaingia na mama, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Dada, hii imewaka muda wote. Ulikuwa unatazama nini?"

"Sikuiona," mama akajibu taratibu. "Nilitazama hapo hapo, kaka. Sikuiona."

Kiherehere akainama kwenye kitabu chake.

Jioni, jikoni, mama aliziba jicho moja akasoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Akaziba la pili, akasoma tena. Kisha akaiweka pakiti chini na machozi yakamtoka.

"Kesho nitaacha kazi ile," alisema. "Macho yangu yananidanganya. Leo yameharibika maziwa, kesho ataumia mtu."

Kiherehere akamsogelea. "Mama, macho yako ni mazima. Ni mimi." Akaeleza yote, mpaka lile dirisha tupu.

"Kwa hiyo nilitazama vizuri," mama akasema.

Asubuhi walikwenda pamoja kwa msimamizi. Alisikiliza, akajikuna kidevu. "Umefanya vyema kusema, binti. King'ora nitanunua leo, hilo ni kosa langu. Fundi wa kompyuta naye ataliweka dirisha la tahadhari juu ya mengine yote, lisifunikwe tena." Akamgeukia mama. "Lakini skrini uliiacha na mtoto, dada. Kiti kile siwezi kukurudishia."

Mama akapelekwa kuosha makopo ya maziwa. Kiherehere sasa alimsubiri nje ya geti.

"Watakurudisha ndani?" aliuliza siku ya kwanza, mama alipotoka na mikono iliyokunjamana kwa maji.

"Sijui, mwanangu." Mama akamshika bega. "Kulifunika lile dirisha, mkono wako uliteleza tu. Mimi pia niliteleza kukuacha pale. Kilichoniumiza ni kwamba uliniona nikiyapima macho yangu, ukanyamaza mpaka nikalia. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaanza kujilaumu kwa ajili yako."

Kiherehere akalia. Mama hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, wakaenda nyumbani.